Kati ya maji na upepo: majira ya baridi ya fundi Kahambu

Saa mbili kasorobo asubuhi. Milango ya chuma ya maduka ya Galerie d'Ixelles bado imeshushwa, isipokuwa mmoja uliopandishwa nusu. Ndani, chini ya picha za mitindo ya misuko, mwanamke aliyevaa suruali ya kazi ya bluu amepiga magoti mbele ya rejeta ya ukutani, sikio lake likikaribia kugusa chuma.

Anafungua skrubu ndogo iliyo pembeni. Chuma kinapiga mluzi mwembamba, kinanyamaza, kinakohoa, kisha kinatema maji meusi kwenye kitambaa alichokishika.

"Umesikia? Ile ilikuwa hewa," anamwambia mwenye saluni. "Hewa inapanda yulu, inazuia maji ya moto. Ndiyo maana huku chini kulikuwa moto, huku yulu baridi. Bon, weka mukono sasa."

Mwenye saluni, Graciella, mzaliwa wa Lubumbashi, anaweka kiganja juu ya chuma. Anasubiri. Uso unamfunguka.

"Eh, Maman Chauffage!" anacheka. "Tangu baridi ianze niko nasuka bantu bamevaa makoti!"

Jina la kweli la Maman Chauffage, yaani Mama Kipasha Joto, ni Kahambu Syauswa. Ana miaka arobaini na mitatu, alizaliwa Butembo, mashariki mwa Kongo, na kazi yake hapa Brussels ni fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Miongoni mwa Wakongo wanaozungumza Kiswahili katika mji huu, namba yake ya simu hupitishwa kutoka mtu hadi mtu kila baridi inapokaza.

Anakusanya vifaa vyake haraka, kama mtu anayefukuzwa. Graciella amemwekea kikombe cha chai kando ya kioo. Hakigusi.

"Cousine yangu iko na ile ya upepo, air pulsé," Graciella anasema. "Anafungua tu, mara moja nyumba yote moto. Kwa nini mi nisiweke ile?"

Kahambu anasimama, begi likiwa begani. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anatulia.

"Ile ni maneno murefu, maman," anajibu. Simu yake inalia. Anaitazama, anainama chini ya mlango wa chuma, na ameshaondoka.

Jibu lile refu alimpa mwandishi wa makala haya ndani ya gari lake la kazi, kwa vipande vipande, baina ya nyumba moja na nyingine.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuishi kwenye nyumba inayopashwa joto, mambo ni hivi. Nyumba nyingi za Brussels hutumia maji. Boila, mara nyingi ya gesi, hupasha maji moto. Pampu huyasukuma kupitia mabomba membamba hadi kwenye rejeta za kila chumba, yale mabamba ya chuma ya ukutani. Maji yakipoa hurudi kwenye boila kuanza safari upya.

Nyumba chache, hasa zilizojengwa miaka ya sitini na sabini, hutumia upepo. Tanuri la gesi hupasha hewa, feni kubwa huipuliza ndani ya mifereji mipana ya bati, na joto hutokea kwenye matundu ya sakafuni yaliyofunikwa kwa wavu wa chuma.

"Maji inakuya pole pole," anasema Kahambu, macho yake yakiwa barabarani. "Lakini ikifika, inabaki. Hata ukizima, rejeta inakulinda bado. Upepo inafika mbio, inaondoka mbio. Unafungua mulango kidogo tu, joto imeenda."

Maji hayana kelele, anaendelea. Upepo hubeba kila kitu: vumbi, manyoya ya paka, harufu ya mboga ya sombe ya jana mpaka kwenye vyumba vya kulala. Hukausha koo. Kichujio kisipobadilishwa, nyumba nzima huvuta uchafu wa mwaka uliopita.

"Lakini usiandike kama maji ni malaika," anaonya. "Maji inavuja. Ndani ya mabomba kunakuwa matope. Rejeta inakula ukuta, huwezi kuweka kabati. Na wakati wa joto kali, juillet, août, maji ya radiateur itakusaidia nini? Ule wa upepo anaweza kupitisha baridi mu mifereji ileile. Donc, inategemea nyumba. Inategemea bantu benye kuikala ndani."

Anaegesha gari mtaani Anderlecht, anazima injini, na kabla mkanda wa mwandishi haujafunguka, yeye tayari yuko mlangoni akibonyeza kengele.

Hivyo ndivyo alivyo siku nzima. Mkahawani, akisubiri supu, aliinuka kugusa rejeta iliyo karibu na dirisha, akakunja uso, akaenda kumwambia mwenye mkahawa kwamba pampu yake inakaribia kufa. Alirudi, akala nusu ya supu, akaondoka.

Mume wake, Noé, dereva wa lori, amezoea.

"Mi namuambiaka, Kahambu, ikala chini," anasema. "Anaikala kidogo, halafu nasikia mulango. Ameenda kuona boila ya muntu. Wakati ya baridi kali hata simu ikinyamaza, anaogopa. Anasema, kwa nini bananyamaza?"

Kahambu hakuja Ulaya kwa ajili ya ufundi. Alifika kituo cha treni cha Gare du Midi akiwa na miaka ishirini na sita, baada ya vita kuwatawanya watu wa kwao. Akafagia ofisi kwa miaka mingi. Vifaa vya usafi vilihifadhiwa kwenye chumba cha boila, na hapo, anasema, ndipo alipopata mahali pa kuotea moto wakati wa mapumziko.

"Nilikuwa naangalia ile mabomba, najiuliza, hii inaenda wapi? Fundi mumoja, Mubelge muzee, akaona niko nauliza sana. Akaniambia, madame, kuko masomo. Nikacheka. Jumatatu nikaenda."

Darasani alikuwa mwanamke peke yake. Kifaransa cha vitabu kilimsumbua, hesabu za joto zilimpa usingizi. Alikuwa karibu kuacha, mpaka siku ambayo mwalimu aliandika ubaoni herufi mbili: CO. Akaeleza kwamba moto ukikosa hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na kwamba anayeivuta husikia kichwa kizito, kichefuchefu, usingizi, na mara nyingine haamki.

Kahambu alitoka darasani bila kuaga. Alitembea hadi mfereji wa maji unaogawa mji, akarudi, akaenda tena.

Butembo iko milimani. Msimu wa mvua, jioni ni baridi, na watu wengi hupika kwa makaa kwenye jiko la mbabula. Alipokuwa msichana, binti wa shangazi yake aitwaye Mignonne aliingiza mbabula chumbani ili apate joto, akafunga mlango na dirisha. Asubuhi walimkuta kama amelala. Mtaa mzima ulisema ni uchawi, na mwanamke mmoja jirani, mjane aliyekuwa amegombana na Mignonne juu ya maji ya kisima, alilazimika kuhama.

"Ule maman alihama na batoto yake mu mvua," Kahambu anasema. "Mi pia nilisema ni yeye. Bote tulisema. Na ilikuwa makaa tu."

Siku iliyofuata alirudi darasani na hakukosa tena.

Lakini tukio lililompa jina la Maman Chauffage, na ambalo Wakongo wa Anderlecht hulisimulia mpaka leo, lilitokea Januari, miaka mitatu iliyopita, kwenye nyumba ya mzee Constant.

Papa Constant, kama wote wanavyomwita, ana miaka karibu sabini. Alifanya kazi ya ghala mpaka alipostaafu. Yeye na mkewe, Maman Kasoki, walinunua nyumba ndogo ya matofali kutoka kwa wazee Wabelgiji, na nyumba hiyo ilikuwa ya upepo. Papa Constant aliipenda. Asubuhi alisimama juu ya tundu la sakafuni, kanzu yake ya kulalia ikijaa hewa ya moto, na soksi zake alizianika palepale kwenye wavu.

Mwezi huo habari ilifika kutoka Butembo kwamba dada yake amefariki. Jumamosi mchana watu walijaa nyumbani kwake kwa kilio: wazee wa kanisa, majirani, akina mama na sufuria za wali. Noé alikuwa ameshafika. Kahambu alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akaacha begi lake la vifaa kwenye ujia, kati ya viatu na makoti.

Maman Kasoki hakuwa sebuleni. Alikuwa ameumwa kichwa wiki kadhaa, mara kwa mara akitapika. Daktari alishuku shinikizo la damu. Wengine wakasema ni huzuni ya wifi yake. Jambo moja lilimshangaza binti yao, Gracieuse, anayefanya kazi ya kutunza wazee: mama yake akienda soko la Jumapili la Gare du Midi, alirudi mzima, akicheka. Jioni kichwa kilianza upya.

Katikati ya wimbo, kitu kililia kwenye ujia. Pi, pi, pi.

"Téléphone ya nani ile?" mzee mmoja akauliza kwa ukali. "Tuheshimie kilio!"

Haikuwa simu. Ilikuwa kipima gesi cha Kahambu, kidude kidogo alichokuwa amekibana kwenye mkanda wa begi.

Alifikiri kimeharibika. Alikichukua, akatoka nacho nje kwenye baridi, kikanyamaza. Akaingia tena; kikalia. Akamshika Gracieuse mkono, wakashuka chumba cha chini.

"Nilifungua kifuniko ya tanuri," anakumbuka. "Moto ilikuwa bleu, muzuri, imesimama. Alors feni ikaanza kuzunguka. Pale pale moto ikainama, ikakuwa jaune, ya manjano, ikatoka mbele kama ulimi. Nikajua."

Ndani ya tanuri kama lile, ukuta wa chuma hutenganisha moto na hewa inayokwenda vyumbani. Ukuta ukipasuka, kila feni inapozunguka huusumbua moto, na moshi wa moto huo huchanganyika na hewa ya nyumba. Tanuri halikuwa limeguswa na fundi kwa miaka mingi. Papa Constant alikuwa akibadilisha kichujio tu, kwa mkono wake, akiamini inatosha.

Kahambu alifunga gesi, akapanda ngazi mbili mbili, akaanza kufungua madirisha.

"Bote tokeni inje," alisema. "Sasa hivi. Acha viatu."

Hakuna aliyeinuka. Nje kulikuwa na theluji nyepesi. Papa Constant alisimama polepole kutoka kwenye kiti chake cha kilio.

"Kahambu, mutoto yangu," alisema. "Unafukuza bantu ku kilio ya dada yangu?"

"Nisamehe, papa. Tutalia inje."

"Mu nyumba yangu?"

"Papa, mu nyumba yako kuko kintu kinaua bantu. Tokeni!"

Mama mmoja alikuwa anafunga dirisha tena kwa sababu ya baridi. Kahambu alilifungua kwa nguvu mpaka pazia likang'oka. Watu wakaanza kusogea, wakinung'unika, wengine wakiwa na sahani mikononi. Mzee mmoja alisema kwa sauti kwamba hajawahi kuona aibu kama hii.

"Maman Kasoki iko wapi?" Kahambu aliuliza.

"Amelala huko yulu, kichwa inamuuma," alijibu mtu. "Muache apumuzike."

Gracieuse ndiye aliyesimulia kilichofuata, kwa sababu Kahambu hapendi kukisimulia. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Tundu la upepo lilikuwa karibu kabisa na kitanda. Maman Kasoki alifungua macho walipomwita, akajaribu kuketi, akaanguka upande. Miguu haikumtii. Midomo yake ilitamka jina la mtoto wake mwingine, anayeishi Kanada.

Noé alimbeba mgongoni mpaka barabarani. Walimlaza juu ya makoti ya waombolezaji, kwenye theluji, mpaka gari la wagonjwa na wazima moto walipofika. Wazima moto waliingia na vipimo vyao, wakatoka, wakauliza nani aliyefunga gesi. Watu wote waligeuka kumtazama Kahambu. Alikuwa akitembea huku na huko kando ya barabara, akiwahesabu waombolezaji kwa kidole, akianza upya kila mara.

Hospitalini, Maman Kasoki aliwekwa kwenye oksijeni, pamoja na wageni wachache waliokuwa wamekaa karibu na matundu. Daktari aliiambia familia kwamba kama wangemwacha apumzike mpaka jioni, wasingeweza kumwamsha.

Alipona. Lakini wiki zile Papa Constant hakumpigia Kahambu simu. Kanisani alipita mlango mwingine. Wengine walidhani bado ana hasira ya kilio kilichovunjika.

"Haikuwa hasira, ilikuwa haya," anasema sasa, ameketi sebuleni kwake. "Muntu ameokoa bibi yangu, na mi nilimuambia mbele ya bantu anafukuza kilio. Na nilikuwa naogopa swali moja. Naogopa aniulize, papa, fundi alikuya hapa mara ya mwisho lini?"

"Alikuuliza?"

"Hajauliza mpaka leo."

Machi, mzee na mkewe walikuja nyumbani kwa Kahambu bila taarifa. Majira yote ya baridi walikuwa wameishi kwa vipasha joto vidogo vya umeme, wakilala chumba kimoja. Maman Kasoki alimshika Kahambu mikono miwili. Papa Constant akakohoa.

"Sasa tuweke nini?" aliuliza. "Maji ao upepo?"

Kahambu anakiri kwamba swali hilo lilimnyima raha kuliko siku ile ya kilio. Siku ile alijua la kufanya. Sasa alijua kwamba lolote atakalotamka litafuatwa, kwa shukrani tu, na familia ile ingeishi nalo miaka ishirini.

Walikutana nyumbani kwa wazee hao, Anderlecht, mezani. Gracieuse alitaka tanuri jipya la upepo. Sababu zake zilikuwa nzuri: mifereji tayari ipo, kazi ni fupi, sakafu haitatobolewa, na majira ya joto wangeweza kupoza nyumba, kwani joto la Julai humtesa mama yake. Papa Constant alimuunga mkono haraka sana. Alikuwa bado anaiota ile hewa ya asubuhi kwenye kanzu yake.

"Na kama ni nyumba yako, Maman Kahambu?" Gracieuse aliuliza.

"Si nyumba yangu," alijibu, akainuka kwenda kutazama chumba cha chini.

Alirudi tena siku nyingine, na nyingine. Aliingiza kamera ndogo ndani ya mifereji. Unyevu wa chumba cha chini ulikuwa umeila bati. Sehemu mbili zilikuwa zimebonyea, na kuta za ndani zilikuwa na ukungu mweusi. Kuweka tanuri jipya kwenye mifereji hiyo, aliwaambia, ni kumfunga mtu mkanda mpya juu ya suruali iliyochanika. Ingebidi mifereji nayo ing'olewe. Hapo faida ya kazi fupi ilipotea, lakini faida ya kiangazi ilibaki, na Gracieuse hakukubali kushindwa.

Wakaanza kubishana: kasi, vumbi, umeme wa feni, nafasi ya kabati. Kahambu alitoa makaratasi ya hesabu, akayarudisha, akayatoa tena.

Ndipo Maman Kasoki akaweka kijiko chini.

"Mi siwezi kusikia tena ile feni," alisema. "Hata ikuwe mupya, hata ikuwe ya nani. Kila ikiwaka, roho yangu itaruka. Nitalalaka mu nyumba hii namna gani?"

Kahambu akayakunja makaratasi yake.

"Mi nilikuwa natafuta hesabu," anasema Kahambu. "Nimepima mifereji, nimepima kuta, nimepima madirisha. Maman ndiye alikuwa na jibu, na hatukuwa tumemuuliza."

Kazi ilifanyika Aprili. Mafundi walitoboa sakafu, wakapitisha mabomba, wakafunga rejeta chini ya kila dirisha na boila mpya inayovuta hewa yake kutoka nje badala ya chumbani. Papa Constant alifagia vumbi kila jioni, akiuliza kama ni lazima mashimo yawe mengi hivyo. Vipima gesi vilibandikwa kwenye kila ghorofa. Matundu ya sakafuni yalizibwa kwa mbao.

Siku ya kwanza ya baridi ya Oktoba, simu ya Kahambu iliita kabla hajatoka nyumbani.

"Kahambu, hii maji yako inalala!" Papa Constant alilalamika. "Nimefungua kitambo, nyumba bado baridi!"

"Papa, ulizima usiku?"

"Ndiyo, nilizima. Nani analipia joto wakati amelala?"

Alilazimika kwenda kumfundisha. Maji si upepo, alimweleza. Ukiyazima kabisa, asubuhi unaanza safari kutoka mwanzo. Yaache yawe vuguvugu usiku, yatakuamsha vizuri. Mzee alikubali kwa kichwa, kisha wiki hiyohiyo akazima tena. Ilichukua karibu majira yote ya baridi kabla hajaacha kugusa vidhibiti.

"Mpaka leo sina fasi ya kuanika soksi," anasema, na mkewe anacheka mpaka anafuta macho.

Maman Kasoki mwenyewe anasema jambo lililomshtua zaidi lilikuwa ukimya. "Siku ya kwanza nilifikiri imekufa. Nikaweka mukono ku radiateur. Iko moto! Nikamuambia mume yangu, gusa, gusa. Siku hiyo nililala vizuri."

Gracieuse bado hajabadili mawazo. Kiangazi kilichopita, anasema, waliiva ndani ya nyumba ile kama mikate, na mama yake alishinda siku nzima na kitambaa chenye maji kichwani.

"Ana raison," Kahambu anakubali bila kusita. "Kwa juillet, ana raison."

Habari ya kilio kile ilienea. Tangu hapo, kila Oktoba mchungaji humpa Kahambu dakika chache baada ya ibada. Husimama mbele na kipima gesi mkononi, akaeleza kwa Kiswahili na Kifaransa dalili za sumu: kichwa kinachouma nyumbani na kupona barabarani, watu wawili wa nyumba moja kuugua pamoja, hata mbwa kulegea. Kisha Jumamosi huzunguka kwenye nyumba za watu, bila kualikwa na wote.

Mwaka jana alikuta boila mbaya kwenye fleti ya familia changa, bomba la moshi likiwa limezibwa na kiota cha ndege.

"Na ile ilikuwa maji," anasisitiza, akimnyooshea mwandishi kidole. "Si upepo. Donc usiandike kama upepo inaua, maji inaponya. Kenye kinaua ni moto yenye hakuna muntu anaangalia."

Lakini mafanikio hayajamtuliza. Kampuni ndogo inayomwajiri inazidi kupata maombi ya pampu za joto, mashine zinazovuta joto kutoka hewa ya nje bila kuchoma gesi. Boila alizozijua kwa sauti tu, kama mama anavyojua kilio cha mwanawe, siku moja zitaondolewa. Amejiandikisha masomo mapya, na jioni mbili kwa wiki hukaa tena darasani, safari hii akiwa mkubwa kuliko wote.

"Nimejua kintu, banakibadirisha," anasema. "Bon. Nitajua kingine. Lakini mara nyingine nauliza, Mungu wangu, nitasimama lini?"

Jambo ambalo wateja wake wengi hawalijui ni kwamba yeye mwenyewe hana uwezo wa kuchagua joto la nyumba yake. Fleti anayopanga na Noé, kwenye moja ya majengo marefu ya Anderlecht, hupashwa kutoka mtambo mmoja wa jengo zima. Haruhusiwi kuugusa. Kuna siku rejeta zinachemka mpaka wanafungua madirisha Januari. Kuna siku wanavaa soksi mbili. Amewaandikia wasimamizi mara nyingi. Wanamjibu kwa adabu.

Kwa hiyo yeye na Noé wanatafuta nyumba. Wameshatazama kadhaa, na mawakala wameanza kumwogopa, kwa sababu haulizi habari za jiko wala bustani. Anaomba kwanza ufunguo wa chumba cha chini. Jumamosi hii wana miadi ya kutazama nyingine, nyembamba, ya ghorofa mbili, si mbali na kituo cha metro.

Je, ataweka maji au upepo?

Kahambu anacheka. Ni jioni, gari limeegeshwa mbele ya jengo lao, na bado hajashuka.

"Kwanza madirisha," anasema. "Kwanza kuta, paa. Nyumba yenye kuvuja joto, hata uweke jua ndani, haitatosha. Halafu pampu ya joto, halafu maji, lakini si ku ukuta. Chini ya sakafu. Mabomba inapita chini, sakafu yote inakuwa na joto kidogo. Kidogo tu."

Anaeleza namna mabomba yatakavyozungushwa, umbali kati ya moja na jingine, mahali pa kuweka vali. Mikono yake inachora hewani. Kisha inashuka mapajani, na inabaki hapo.

"Nitaingia, nitatoa viatu," anasema. "Janvier, miguu mutupu. Nitaweka kiti katikati ya nyumba. Na nitaikala."